Ndege zilijaa, kampuni ikafa: nauli yako ilienda wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Buruburu, hapa Nairobi. Ameandika, kwa kifupi, hivi:

"Nililipia tiketi sita za kwenda Mombasa, harusi ya mdogo wangu. Nililipa kwa M-Pesa miezi miwili kabla kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Zikiwa zimebaki siku kumi, kampuni ikatangaza imesimamisha safari zote. Tulishuka Mombasa kwa basi la usiku na hela hazijarudi hadi leo. Kinachonisumbua ni kwamba kila niliposafiri nao ndege ilikuwa imejaa pomoni. Biashara yenye wateja hivyo inakufaje? Pesa zetu zilienda wapi? Na hizi nauli za bei nafuu, ni mtego?"

Dada yangu, pole sana. Nimeshughulika na hesabu za mashirika ya ndege hapa mjini kwa miaka mingi, na swali lako la kwanza ndilo lenye uzito kuliko yote. Wengi hudhani shirika la ndege hufa kwa kukosa abiria. Mara nyingi hufa likiwa na abiria tele. Nauli inaingia kwa shilingi, lakini ndege, vipuri na mafuta vinahesabiwa kwa dola. Nauli inaingia leo kwa safari ya miezi miwili ijayo, na inatumika leo hii kulipa deni la mwezi uliopita. Maadamu watu wanaendelea kununua tiketi, pengo halionekani. Likionekana, huwa ni usiku mmoja.

Nitakueleza kupitia kisa cha Freddie Laker, mwenye shirika la ndege wa Uingereza, kisha nitarudi nyumbani. Nakichagua kwa sababu mwenyewe hakuwa tapeli wala mvivu. Alikuwa hodari kuliko karibu wote waliomzunguka, na bado akaanguka.

Kwanza tutofautishe biashara mbili. Ukikodi matatu nzima kuwapeleka watu wa mazishi Machakos, unalipa gari zima. Wakija 14 au wakija sita, dereva hajali. Hasara ya viti vitupu ni yako uliyekodi. Hiyo ndiyo ndege ya kukodi. Wafanyabiashara wa miraa waliokuwa wakikodi ndege pale Wilson kupeleka mzigo Mogadishu waliijua vizuri: ndege ikiruka na nusu ya mzigo, anayeumia ni mwenye miraa. Lakini matatu ya namba 58 inayokwenda Buruburu kwako ni jambo jingine. Inauza kiti kimoja kimoja, na kiti kikibaki kitupu hasara ni ya mwenye gari. Shirika la bei nafuu linaishi hivyo. Kuhama kutoka biashara ya kwanza kwenda ya pili kunaonekana kama kupanda ngazi. Ukweli ni kwamba mwenye ndege amechukua hatari iliyokuwa mgongoni mwa mtu mwingine na kuibeba mwenyewe.

Freddie Laker, mzaliwa wa Canterbury, alianza kuchuma kwenye biashara ya ndege wakati wa kupeleka mizigo Berlin Magharibi, mwaka 1948 na 1949, mji ulipokuwa umezingirwa. Mwaka 1966 akaanzisha Laker Airways kwa ndege mbili za Britannia zilizokuwa zimetumika na BOAC, shirika la ndege la serikali ya Uingereza. Kazi yake ilikuwa kukodisha ndege kwa kampuni za utalii zilizowapeleka Waingereza kwenye jua la Hispania. Aliifanya kwa akili sana: kampuni ya utalii iliyokubali kulipia saa za kuruka za mwaka mzima, pamoja na miezi ya baridi ambayo wengine waliacha ndege zimeegeshwa, ilipata bei ya chini. Yeye akapata uhakika. Hapo alikuwa mwenye matatu ya kukodiwa, na alilala usingizi.

Kilichomkera ni sheria za safari za kuvuka Atlantiki. Nauli za kawaida zilipangwa na mashirika makubwa kwa makubaliano ya pamoja. Ndege ya kukodi ya bei nafuu iliruhusiwa tu kwa wanachama wa chama fulani, na uwe umejiunga angalau miezi sita kabla. Bila shaka watu wakaanza kujiandikisha kwenye vyama vya kubuni, na maofisa wakawa wanawahoji abiria uwanjani: wewe ni mwanachama tangu lini? Laker aliona aibu kwa niaba ya wateja wake, watu wazima waliolazimishwa kudanganya ili wakawaone ndugu zao. Mwaka 1971 akaomba kibali cha kitu kipya alichokiita Skytrain, yaani treni ya angani. Hakuna kuweka nafasi mapema. Unafika asubuhi, unapanga foleni, unalipa, unapanda. Chakula unanunua ukitaka.

Alizungushwa miaka sita. Alipewa kibali, kisha serikali iliyofuata ikataka kukifuta. Akaipeleka mahakamani na mwishoni mwa 1976 Mahakama ya Rufaa ikampa haki. Tarehe 26 Septemba 1977 ndege ya kwanza ya Skytrain ikaondoka Gatwick kwenda New York kwa pauni 59, ndege ya DC-10 yenye viti 345. (Mwaka huohuo, hapa kwetu, East African Airways ilikuwa imekufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani na Kenya Airways imezaliwa. Wazee wa Embakasi wanaukumbuka kwa uchungu.) Watu waliopanga foleni ile walikuwa wanafunzi, mafundi, mabibi waliokuwa hawajawahi kuwaona wajukuu wao wa Marekani. Mwaka uliofuata Laker alipewa heshima ya kuitwa Sir. Ilimstahili. Nauli aliyoipigania ndiyo iliyofungua anga kwa watu wasio na pesa nyingi, na nalisema hili kabla ya kueleza makosa yake kwa sababu ukisikia habari ya kuanguka tu utadhani wazo lenyewe lilikuwa bovu. Halikuwa.

Sasa makosa, na bahati mbaya.

Mei 1979 ndege ya DC-10 ya American Airlines ilianguka Chicago na kuua watu 273. Juni, ndege zote za aina hiyo zikazuiwa kuruka, na zikakaa chini wiki tano hivi. Skytrain nzima ilitegemea DC-10, na hiyo ilikuwa Juni na Julai, miezi ambayo mwenye ndege wa Ulaya huvuna cha kula Januari. Injini iliyong'oka Chicago ilihusishwa na namna shirika lile lilivyoifungua na kuirudisha wakati wa matengenezo. Laker hakuhusika kabisa, lakini bili ilimfikia. Mwaka huohuo mapinduzi ya Iran yakapandisha mafuta.

Mtu mwingine angepunguza mwendo. Laker aliagiza ndege zaidi: DC-10 nyingine tano, na Airbus A300 kumi, akiamini anga ya Ulaya nayo itafunguliwa karibuni. Haikufunguliwa kwa wakati aliouhitaji. Benki zilimkopesha bila shida, kwa kuwa alikuwa maarufu na ndege zake zilijaa, na kampuni ilikuwa karibu yote mikononi mwake, hakuna mwenye hisa wa nje wa kumwambia subiri. Jumla ya mikopo ilipita dola milioni 300. Dola, dada yangu, si pauni.

Hapa ndipo penye kiini cha jibu lako, niruhusu nipige hesabu. Mwishoni mwa 1980 pauni moja ilinunua kama dola 2.40. Kufikia Agosti 1981 ilinunua kama dola 1.80. Chukua awamu moja ya deni ya dola milioni 10. Kwa kiwango cha kwanza, Laker alihitaji pauni milioni 4.17 kuilipa. Kwa kiwango cha pili, pauni milioni 5.56. Tofauti ni kama pauni milioni 1.39, na hakuongeza ndege hata moja wala lita moja ya mafuta. Kwa nauli ile ya kwanza ya pauni 59, tofauti hiyo ni abiria 23,500, yaani DC-10 karibu 68 zilizojaa hadi kiti cha mwisho. Na hao 23,500 lazima wasafirishwe bure, kwa sababu nauli yao yote imekwenda kuziba shimo la ubadilishaji wa fedha. Ndiyo maana kuona ndege imejaa hakukuambii lolote. Ndege iliyojaa huonyesha tu kwamba bei inawavutia watu.

Ungemuuliza kwa nini asipandishe nauli. Mwaka 1981 uchumi wa Uingereza ulikuwa taabani, na riba Marekani ilikuwa inakaribia asilimia 20. Kisha, katika majira ya vuli ya mwaka huo, Pan Am, shirika kubwa la Marekani, wakashusha nauli zao za chini kwa zaidi ya nusu ili zilingane na za Laker, na British Airways na TWA, nalo la Marekani, wakafuata. Mtu anayeweza kupanda Pan Am kwa bei ileile, akapewa chakula na nafasi iliyowekwa, kwa nini apange foleni? Mashirika hayo yalikuwa na njia nyingine za kufidia hasara, na British Airways ilikuwa na hazina ya serikali nyuma yake. Laker alikuwa na Skytrain.

Tarehe 5 Februari 1982 kampuni ikafungwa ikiwa na madeni ya zaidi ya pauni milioni 250. Zipo ndege zilizokuwa angani zikaamriwa kugeuka. Maelfu ya watu walikwama pande zote mbili za bahari. Kilichonigusa nilipokisoma mara ya kwanza, na bado kinanigusa, ni kwamba watu wa kawaida walianza kutuma pesa zao wenyewe kumwokoa, wengine noti moja moja ndani ya bahasha. Hazingetosha kamwe, lakini ni shirika gani la ndege leo wateja wake wangelifanyia hivyo?

Wafilisi waliyashtaki mashirika makubwa kule Marekani, wakidai yalipanga pamoja kumuua. Kesi ikamalizwa nje ya mahakama mwaka 1985 kwa malipo ya takriban dola milioni 50 kwa wadai, na Laker mwenyewe akapata milioni 8. Baadhi ya watu husema basi hiyo ni ithibati kwamba aliuawa. Maoni yangu ni kwamba alisukumwa kweli, lakini alisukumwa akiwa tayari amesimama ukingoni, na aliyemfikisha ukingoni ni deni la dola lililolipwa kwa mapato ya pauni.

Turudi Nairobi. Ugonjwa huu tunao, na dalili zake zimebadilika kidogo tu. Jetlink Express ilikuwa ikiruka kutoka JKIA kwenda Mombasa, Kisumu, Eldoret na pia Juba. Njia ya Juba ilikuwa na wateja wengi kwelikweli. Januari 2012 Sudan Kusini ilisimamisha uchimbaji wa mafuta kwa sababu ya mgogoro na Sudan, na dola zikaadimika nchini humo. Jetlink ilikuwa imeuza tiketi Juba, pesa ipo benki, lakini benki haina dola za kuibadilishia. Novemba 2012 ikasimamisha safari, ikieleza kuwa zaidi ya dola milioni 2 zake zilikuwa zimekwama huko. Elewa hapo: abiria wapo, pesa ipo, tena kwenye akaunti yenye jina lake, na kampuni inakufa. Mwenye ndege aliyekukodisha hapokei karatasi ya benki ya Juba. Anataka dola, na anazitaka tarehe iliyoandikwa.

Hata bila kwenda Juba, kumbuka Januari 2023, dola moja ilikuwa kama shilingi 123. Januari 2024 ilifika 160. Shirika dogo linalolipa, tuseme, dola 150,000 kwa mwezi kukodi ndege zake lilitoka kwenye shilingi milioni 18.45 hadi milioni 24. Hiyo ni shilingi milioni 5.55 zaidi kila mwezi kabla hujataja mafuta. Wewe abiria wa Mombasa hukuweza kuongezewa nauli kiasi hicho, kwa sababu tangu 2017 treni ya Madaraka Express iko pale, na basi liko pale. Kila njia ya ndani yetu ina mshindani wa ardhini, jambo ambalo Laker hakuwa nalo katikati ya Atlantiki.

Pesa zako, basi. Uliponunua tiketi miezi miwili mapema, uliikopesha kampuni: mkopo bila riba na bila dhamana. Shirika lenye afya huweka fedha hizo kando kiasi cha kutosha au lina akiba inayozifunika. Shirika lililobanwa huzitumia siku hiyohiyo. Kwa hakika ya karibu kabisa, nauli yako ililipa mafuta ya watu waliosafiri wiki uliyolipa, au mshahara uliochelewa, au sehemu ya malipo ya kukodi ndege. Nimekaa kwenye mikutano ya namna hiyo. Mhasibu anasoma orodha ya wanaodai, mkurugenzi anauliza, "Mauzo ya leo ni ngapi?", na wote mezani wanajua mauzo ya leo ni safari za Agosti. Hakuna aliyekuwa na nia ya kumwibia mtu. Kila mmoja aliamini kwamba mwezi ujao utakuwa mzuri. Nilikuwa mmoja wao, na nimeshawahi kunyamaza nilipopaswa kusema, jambo ambalo silioni dogo.

Kampuni inaposimama, ndege zenyewe huwa si zake. Mwenyewe anazichukua, na Mkataba wa Cape Town wa 2001, ambao Kenya imejiunga nao, unampa njia ya haraka ya kufanya hivyo. Kinachobaki ni samani, kompyuta, vipuri kidogo na madai. Benki yenye dhamana inatangulia, gharama za ufilisi, wafanyakazi na kodi vina nafasi yao, na mwenye tiketi anasimama mwisho wa foleni pamoja na aliyekuwa akileta maji ya chupa.

Nchi nyingine zimefanya tofauti, na nasikitika kwamba sisi bado. Nchini Uingereza kampuni za utalii zinatakiwa kuwa na ulinzi wa fedha za wateja, mpango uliopata nguvu baada ya kampuni za likizo kuanguka miaka ya 1970. Laker alipofungwa, waliokuwa wamenunua likizo nzima, hoteli na ndege pamoja, walilindwa; walionunua kiti cha Skytrain peke yake hawakulindwa. Monarch ilipokufa Oktoba 2017, mamlaka ya anga ya Uingereza ilikodi ndege na kuwarudisha nyumbani watu wapatao 85,000. Thomas Cook ilipoanguka Septemba 2019, walirudishwa watu wapatao 140,000. Hapa kwetu mlirudi, au mlikwenda, kwa basi la usiku. Mamlaka yetu ya usafiri wa anga hukagua usalama wa ndege, na huikagua vizuri. Ningependa iwe na meno hayohayo juu ya fedha za abiria zilizolipwa mapema. Kutenga sehemu ya nauli kwenye akaunti maalum hadi ndege iruke si jambo gumu kiufundi. Ni gumu kwa sababu shirika linaloishi kwa mauzo ya kesho litalalamika kwamba unalinyima pumzi.

Je, bei nafuu ni mtego? Hapana. Bei ya chini yenye msingi ipo: aina moja ya ndege, saa nyingi angani kila siku, kuhudumia uwanjani kwa haraka, hakuna chakula cha bure. Jambojet ilianza 2014 ikiwa mtoto wa Kenya Airways na baadaye ikahamia ndege za rafadha za Q400 zinazokula mafuta kidogo kwa safari fupi kama zetu. Hiyo ni bei inayotokana na gharama. Bei ya kuogopa ni ile inayoshuka ghafla kwa safari za mbali sana mbele wakati safari za wiki hii zinafutwa au kuunganishwa mbili kuwa moja. Hapo kampuni haikuuzii kiti. Inakuomba mkopo. Ukisikia pia kwamba mawakala wanadai kamisheni za miezi, au wafanyakazi hawajalipwa, nunua tiketi ya siku chache mbele tu, hata kama ni ghali kidogo. Na tiketi za familia nzima zilipie kwa kadi ya benki badala ya M-Pesa, kwa kuwa kwa kadi unaweza kuiomba benki yako ipinge malipo ya huduma ambayo hukupewa, mradi uombe ndani ya muda wake. Pesa ya simu ikishaingia kwenye akaunti ya kampuni, imeingia.

Kuhusu hizo tiketi sita: kama msimamizi wa ufilisi ameteuliwa, mpelekee dai la maandishi hata kama matumaini ni madogo, kwa sababu asiyeandikishwa hapewi hata senti ikipatikana. Weka namba za tiketi, majina ya wasafiri wote sita, tangazo la kampuni la kusimamisha safari, na risiti za basi mlilopanda. Ujumbe wa M-Pesa wa siku uliyolipa ukiwa umefutika kwenye simu, omba taarifa ya akaunti yako ya kipindi hicho, yenye msimbo wa muamala. Anza na hiyo.